Saa Iliyomo Kichwani mwa Hamsta

Mfungie hamsta wa Syria katika chumba chenye giza totoro, mpe chakula, maji na gurudumu la kukimbilia, kisha mwache. Kila baada ya muda ulio karibu sana na saa 24 ataamka, ataingia kwenye gurudumu na kuanza mbio. Hajaona jua wala taa, lakini siku inayofuata atachelewa au kuwahi kwa dakika chache tu. Gurudumu limeunganishwa na chombo kinachorekodi kila mzunguko, hivyo mnyama hujiandikia taarifa zake mwenyewe huku mtafiti akilala nyumbani kwake. Ndiyo maana wanaochunguza saa ya mwili walimpenda mapema.

Ni mnyama wa jamii ya wagugunaji, mwenye mkia mfupi sana na mifuko mashavuni ya kubebea nafaka, kama aliyo nayo panya buku anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, ingawa hawa wawili si ndugu wa karibu. Mimba yake huchukua siku 16 tu. Hapendi jirani: hamsta wakubwa wawili wakiwekwa pamoja hupigana, na mara nyingi jike ndiye mkali zaidi.

Maabarani aliingia kwa sababu isiyohusu saa hata kidogo. Saul Adler, mtaalamu wa vimelea mjini Jerusalem, alitaka mnyama wa kuchunguzia lishmania, vimelea vinavyoenezwa na usubi na ambavyo aina yake moja huleta kala-azar, maradhi wanayoyajua vizuri watu wa Baringo na Turkana. Mwaka 1930 mwanazuolojia Israel Aharoni alimletea hamsta mama na watoto wake waliochimbuliwa shambani karibu na Aleppo. Wengi walikufa au kutoroka. Waliobaki, wachache mno, walizaliana wao kwa wao, na kwa miongo kadhaa karibu hamsta wote wa Syria waliofugwa duniani walitokana na shimo lile moja.

Katika ukoo huo wa watu wa nyumba moja usingetarajia maajabu. Lakini watafiti Martin Ralph na Michael Menaker waligundua, miongoni mwa wanyama waliowaagiza kwa mfugaji, dume mmoja ambaye gizani siku yake ilikuwa na saa 22 hivi. Walimzalisha. Wazao waliorithi jeni ya siku fupi kwa baba na kwa mama walikuwa na siku ya saa 20 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1988, na badiliko hilo la jeni likapewa jina la tau.

Jaribio lililofuata, mwaka 1990, kwangu ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika biolojia. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, kuna kishada kidogo cha seli. Watafiti walikiharibu kwa hamsta kadhaa, nao wakapoteza mpangilio: wakawa wanakimbia na kulala ovyo. Kisha wakawapandikizia tishu ya sehemu hiyo kutoka kwa vijusi vya hamsta wengine. Mpangilio ukarudi, lakini si ule wa zamani. Aliyepandikizwa tishu ya tau alianza kuishi siku fupi ya tau, na wa tau aliyepandikizwa tishu ya kawaida akapata siku ya kawaida. Ubishi kuhusu mahali ilipo saa kuu ya mwili ukaishia hapo.

Mwaka 2000 jeni yenyewe ilipatikana: hutengeneza kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini za saa na hivyo kuamua zidumu kwa muda gani. Haukupita muda mrefu, hitilafu katika mtambo huohuo zikaonekana kwa binadamu, katika familia ambazo watu wake husinzia saa moja na nusu usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Ukiwa na shangazi wa namna hiyo, usimcheke. Huenda si uzee wala ushamba.

Sasa kuna jambo linalopaswa kututia adabu. Vitabu vyote, hata vya wafugaji wa nyumbani, husema hamsta ni mnyama wa usiku, na maabarani ni kweli. Lakini mtafiti Rolf Gattermann na wenzake walipowafuatilia majike porini kusini mwa Uturuki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwakuta wakitoka mashimoni asubuhi na alasiri, na usiku kwa nadra. Matokeo ya tau hayatikisiki kwa hilo, kwani urefu wa siku na saa ya kutoka nje ni mambo mawili tofauti. Linalotikisika ni mazoea yetu ya kudhani kwamba tumemjua mnyama kwa kumtazama ndani ya tundu. Baridi ya usiku, bundi, au mahitaji ya jike anayenyonyesha: lolote kati ya hayo laweza kuwa linaamua, na tundu halina hata moja.

Jibu litapatikana kwenye mashamba ya mpakani mwa Syria na Uturuki, ambako spishi hii inazidi kupungua na ambako mkulima humhesabu hamsta kuwa mharibifu wa mazao na kumtegea sumu.