KAZI YA DINI NI YA NANI?
Habari za Waamini wasio Mapadre, na Mafundisho Yao

Leo twataka kuwaelezeni habari za watu ambao kazi yao ni kubwa na sifa yao ni ndogo. Ni waamini wa Kanisa Katoliki wasio mapadre wala watawa. Siku hizi huitwa walei, na asili ya jina hilo ni neno la Kiyunani lenye maana ya watu, au taifa.

Mtu akiuliza kijijini, "Kazi ya dini ni ya nani?" wengi watamjibu upesi, "Ni ya Padre." Jibu hilo ni kweli nusu. Padre ndiye asomaye Misa, ndiye asikilizaye maungamo, ndiye awapakaye wagonjwa mafuta matakatifu. Kazi hizo hakuna mlei awezaye kumshikia. Lakini tukizihesabu siku za mwaka, tutaona ya kuwa katika vijiji vingi siku za kuwapo Padre ni chache kuliko siku za kutokuwapo. Watoto huzaliwa, wagonjwa hufa, vijana huposa, na majirani hugombana, Padre awepo au asiwepo. Basi katika siku hizo zote dini hushikwa na nani? Hapana budi ishikwe na waamini wenyewe, au ianguke.

Tutazame mathalan nchi ya Ngulyati, iliyo katika Bariadi, Mkoa wa Simiyu, mkoa uliofanywa mwaka 2012, na sehemu yake kubwa ilikatwa katika Mkoa wa Shinyanga. Wenyeji wengi ni Wasukuma, walimaji wa pamba, mahindi na mtama, na wafugaji wa ng'ombe. Nyumba zao hazikubanana kama za mjini, bali zimetawanyika, kila mtu na mashamba yake na malisho yake. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hunata miguuni na magurudumuni, na safari ya saa moja huwa ya nusu siku. Katika nchi ya namna hiyo parokia moja hugawanywa katika vigango, na kila kigango hugawanywa tena katika jumuiya ndogo ndogo za nyumba zilizo karibu. Padre huzunguka kigango hata kigango kwa zamu. Anapokuwa kwingine, kigango huangaliwa na katekista, ambaye zamani aliitwa mwalimu wa dini, pamoja na wazee wa kanisa.

Tuitaje kazi yake ili ijulikane. Jumapili isiyo na Misa huwakusanya watu, husoma masomo ya siku ile, huyaeleza, na huongoza sala. Katikati ya juma huwafundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojitayarisha kubatizwa, na watoto wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Huwatazama wagonjwa, na kumwita Padre mapema kabla hali haijawa mbaya. Huongoza maziko. Na ikiwa mtu asiyebatizwa yumo katika hatari ya kufa, naye anataka ubatizo, au ikiwa ni mtoto mchanga ambaye wazazi wake wanamtakia, katekista aweza kumbatiza: humwagia maji kichwani huku akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Tena katika hatari ya namna hiyo si katekista peke yake, mama wa nyumbani aweza, mkunga aweza, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda litendwalo na Kanisa aweza. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwamini ayajue maneno hayo barabara, kwa maana saa ya kuyahitaji haipigi hodi.

Labda mtu atasema ya kuwa mpango huu ni wa siku hizi, umetokea kwa uhaba wa mapadre. Sivyo. Ni wa tangu mwanzo wa dini hiyo katika nchi zetu, na ushahidi wake uko katika habari za Ziwa Victoria.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika Buganda mwezi wa Februari mwaka 1879. Walifundisha kwa muda usiofika miaka minne. Mwezi wa Novemba 1882, kwa kuona hatari, wakaondoka wote, wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, katika nchi ya Wasukuma, ambako misheni ya Bukumbi ilianzishwa mwaka 1883. Nyuma yao walibaki waamini wachache waliobatizwa juzi juzi, bila Misa, bila maungamo, bila mtu wa kuwaongoza ila wao wenyewe.

Waweza kudhani ya kuwa mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta majivu. La, walikuta moto unawaka. Katika jumba la Kabaka, Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amewakusanya na kuwafundisha vijana waliotumika humo. Kule Mityana, Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu, pamoja na Nowa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, waliwafundisha majirani zao. Idadi ya wasomaji wa dini ilikuwa imeongezeka, wala haikupungua. Kisha yakaja mateso. Yosefu Mukasa aliuawa mwezi wa Novemba 1885. Mwezi wa Mei 1886 Karoli Lwanga, alipojua ya kuwa kufa ku karibu, aliwabatiza usiku vijana kadhaa waliokuwa bado wakatekumeni, na mdogo wao Kizito alikuwa mmojawapo. Tarehe 3 Juni Lwanga na wenzake wengi walichomwa moto Namugongo. Mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Jambo la kukumbuka ni hili: katika watu 22 hao hapakuwa na padre hata mmoja. Wote walikuwa walei.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Sababu moja ilikuwa mafundisho. Lavigerie aliagiza ya kuwa mtu asibatizwe kwa haraka, bali afundishwe na kujaribiwa kwa miaka minne. Wengine waliona ya kuwa muda huo ni mrefu mno. Yeye alijua ya kuwa mti usio na mizizi hung'oka kwa upepo wa kwanza. Katika miaka hiyo mkatekumeni hakujifunza maneno ya sala tu. Alitazamwa jinsi anavyokaa na mkewe, na jirani yake, na mdeni wake.

Wala Tanganyika haikukosa watu wa namna hiyo. Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akashikwa na wauza watumwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, kabla ya mwaka 1890, akakaa huko akiponya wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Alioa, alizaa, hakuwa padre. Mwingine ni Edel Quinn, binti wa Ireland, aliyetumwa Afrika ya Mashariki mwaka 1936 kuanzisha vikundi vya Legio ya Maria, chama kilichoanzishwa na walei huko Dublin mwaka 1921. Mwili wake ulikuwa dhaifu kwa ugonjwa wa kifua, lakini alisafiri nchi hizi zote mpaka alipokufa Nairobi mwaka 1944.

Upande wa mashariki wa Usukuma, Shinyanga ilifanywa jimbo mwaka 1956, chini ya Askofu Edward McGurkin wa Shirika la Maryknoll la Marekani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 hata 1965, ulieleza wazi ya kuwa kazi ya walei si msaada wa hisani kwa Padre, bali ni haki na wajibu utokao katika ubatizo wao. Mwaka 1972 wanawake Wakatoliki wa Tanzania waliunda chama chao, WAWATA. Mwaka 1976 Maaskofu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikata shauri kuzitanguliza jumuiya ndogo ndogo katika kazi zao zote. Na mwezi wa Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua ya kuifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa lote la dunia.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Mafundisho ya dini ni nini hasa? Je, ni kukariri maswali na majibu? Kukariri kuna faida yake. Mzee asiyejua kusoma aweza kuyachukua mafundisho yote kichwani, na hakuna moto wala mchwa utakaomharibia kitabu hicho. Lakini jibu lililokaririwa bila kufahamiwa ni kama mbegu iliyowekwa katika kibuyu: haiozi, wala haioti.

Wasukuma wanalijua jambo hilo tangu kale. Bayeye, wale watu wa chama cha nyoka, hawampokei mtu na kumwachia nyoka siku ile ile. Humfundisha dawa, na tabia za kila nyoka, na namna ya kushika, nao wamfundishao si watemi, bali ni wanachama wenzake waliotangulia. Akikosea somo, kosa huonekana mkononi mwake. Mafundisho ya dini nayo yana nyoka wake, na mtu asiyefundishwa vema huumwa, tena huumiza wengine.

Tuseme mtoto wa nyumba fulani amekufa kwa homa. Baba yake amebatizwa, hukaa kiti cha mbele kila Jumapili, na Amri Kumi anazijua zote. Jumatatu aenda kwa mganga wa kupiga ramli, naye amwambia ya kuwa mtoto ameuawa na kikongwe mwenye macho mekundu. Karibu na nyumba hiyo yuko mama mzee mjane. Macho yake ni mekundu kweli, kwa kuwa amepikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, na moshi umemla macho. Je, baba huyu atafanya nini? Hatusemi habari ya kubuni tu: katika nchi za Usukuma wanawake wazee wengi wameuawa kwa panga kwa sababu ya shutuma kama hizo. Sheria ya nchi imekataza tangu mwaka 1928 kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini sheria haikai mezani wakati wa chakula cha usiku.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya mafundisho. Amri ya tano, "Usiue," baba yule anaijua. Asilolifahamu ni kwamba amri hiyo inamhusu mama yule. Padre yu mbali, naye hatajua neno hata litakapokuwa limekwisha tendeka. Walio karibu ni majirani wa jumuiya, waliokuja matangani. Mmoja wao akiwa amefundishwa vema, atasema mapema, "Bwana, mtoto amekufa kwa homa, mama huyu hana kosa." Wa pili atampeleka yule mama kulala kwake kwa siku chache. Wa tatu atamjulisha mwenyekiti wa kijiji. Watu watatu hao, wasiojua Kilatini wala Kiyunani, watakuwa wameifanya kazi ya dini kuliko mahubiri ya saa nzima. Nao wakinyamaza kwa hofu, basi sala zao zote za juma zima zimekosa mahali pa kukaa.

Kwa hiyo twaweza kumpima mwalimu wa dini kwa alama tatu. Ya kwanza, huuliza na kuulizwa, wala hakasiriki mwanafunzi akisema, "Sikufahamu." Ya pili, huchukua mifano katika shamba, zizi na soko, mahali wanafunzi wake wanapoishi. Ya tatu, maisha yake hayapingani na somo lake. Kwa maana kijiji kizima husoma mwenendo wa mwalimu, hata wale wasiojua herufi.

Lakini naye ana haki zake. Katekista wengi ni wakulima kama wenzao, na malipo yao, wakiyapata, ni madogo. Siku anayokwenda kufundisha, jembe lake limelala. Wasukuma wana desturi njema ya kulimiana mashamba kwa kundi. Yafaa shamba la katekista lisisahauliwe katika zamu hiyo. Yafaa vile vile apewe nafasi ya kwenda mafunzoni, na vitabu, na baiskeli iliyo nzima. Kumtaka mtu afundishe miaka yote bila kujifunza tena ni kuchota maji katika kisima kisichopata mvua.

Nanyi wazazi, msidhani ya kuwa mmemkabidhi katekista mtoto wenu mkaisha kazi. Yeye humwona saa moja au mbili kwa juma. Ninyi humwona siku zote. Mtoto hujifunza kusamehe kwa kumwona baba akisamehe, na kusema kweli kwa kumsikia mama akisema kweli sokoni. Hilo ndilo darasa la kwanza, na walimu wake ni walei.

Basi, tukiulizwa tena kazi ya dini ni ya nani, tujibu hivi: Padre ana sehemu yake, katekista ana yake, na kila mwenye nyumba ana yake, na sehemu ya mtu mmoja haifanywi na mwingine.