Kukosa tenda si kufungiwa tenda

Kuanzia kwa maseremala wa Gikomba hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, jirani na Majengo ya Pumwani, utasikia mtu akisema serikali imemfungia tenda. Mara nyingi hajafungiwa. Amekosa tenda moja tu, na kwa kutojua tofauti hiyo amekata tamaa ya kuomba nyingine.

Tuseme umeomba tenda ya madawati ya shule na cheti chako cha ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kimepitwa na muda. Kamati ya tathmini itakuweka kando, lakini kwa tenda hiyo pekee. Ukipata cheti kipya, uko huru kuomba kwingine.

Kufungiwa ni adhabu ya aina nyingine kabisa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 kinaipa Bodi ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma uwezo wa kumzuia mtu au kampuni kushiriki zabuni za umma, za serikali kuu na za kaunti, kwa muda usiopungua miaka 3. Kwa hiyo afisa wa ununuzi anayewatisha akina mama wa chama kwamba atawafungia hana mamlaka hayo. Anachoweza ni kulalamika. Bodi lazima iwape nafasi ya kujitetea, na wasiporidhika, Mahakama Kuu ipo.

Makosa yenyewe ni pamoja na rushwa, kukwepa ushuru, kazi mbovu, kukataa kutia saini mkataba baada ya kushinda, na kukiuka vibaya sheria za ajira. Linalonitia hofu zaidi mitaani kwetu ni kutoa habari za uongo kuhusu sifa zako.

Uongo huo huingia hivi: asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Angalau asilimia 70 ya wanachama wa kikundi wawe wa makundi hayo, na viongozi wote pia. Basi huja mwenye pesa zake: nipeni cheti chenu, kazi nitafanya mimi, nanyi mtapata kitu kidogo. Mwenyekiti anaona riziki imebisha hodi. Anapewa rundo la karatasi, na ndani yake mna fomu SD1, anamojaza jina, sanduku la posta na mahali anapoishi, akitamka kwamba mwombaji hajafungiwa zabuni. Anatia saini, anagonga muhuri wa kikundi. Kazi ikiharibika, atakayeitwa mbele ya bodi ni mwenye muhuri, na tajiri ameshahamia kikundi kingine.

Majina ya waliofungiwa hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma, yaani PPRA. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika nazo zina orodha zao, na tangu mkataba wa 2010, mtu anayefungiwa na mojawapo kwa zaidi ya mwaka mmoja huweza kuzuiwa na zote.

Adhabu hii ni ya haki, kwa sababu shule iliyopewa madawati yanayovunjika muhula wa kwanza imeibiwa. Lakini nyaraka za zabuni huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. PPRA ianze na SD1: iitoe kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti kwenye mafunzo ya AGPO kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.