Siki Nyuma ya Ukuta

Taliban walipoiteka Kabul, Septemba 1996, sinema ilipigwa marufuku. Wafanyakazi wa Afghan Film, shirika la filamu la taifa, walijua kwamba moto utawafikia. Wakajaza chumba makopo ya mikanda, wakauziba mlango kwa ukuta wa bandia. Taliban walipokuja kuchoma, ziliungua nakala za kuonyeshea, nyingi zikiwa za filamu za kigeni. Negativu za Kiafghanistani zikabaki gizani.

Negativu ndiyo iliyopita ndani ya kamera. Nakala ya jumba la sinema ikiungua, utachapa nyingine. Negativu ikiungua na nakala hakuna, filamu imekufa. Watu wale walihatarisha maisha yao kwa sababu walilielewa jambo hilo la kiufundi, na kwangu mimi wanastahili heshima ile ile tunayowapa waongozaji.

Lakini ukuta hauzuii kemia. Mikanda mingi ya negativu kama hizo ni ya selulosi asetati. Joto na unyevu huivunjavunja polepole, ikatoa asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Fungua kopo lililoathirika, harufu itakupiga puani kabla hujaona chochote. Ubaya wake ni kwamba asidi hiyo huchochea uozo ule ule ulioizaa. Mkanda husinyaa, hujikunja, na tabaka lenye picha huanza kubanduka. Katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, mkanda mpya hukadiriwa kukaa miaka kama 40 tu kabla ya kuanza kunuka. Wahifadhi hutumbukiza kikaratasi cha buluu ndani ya kopo. Kikigeuka kijani, kisha njano, hali ni mbaya. Baridi na ukavu huchelewesha uharibifu, haviuponyi.

Ndiyo maana mikanda huskaniwa. Filamu ya dakika 90, kwa fremu 24 kila sekunde, ina fremu 129,600, na kila moja hupigwa picha yake. Mkanda uliosinyaa haukubali tena meno ya mashine za kawaida, kwa hiyo kila mwaka unaopita kazi inazidi kuwa ngumu.

Kazi hiyo ilikuwa imeanza Kabul kabla Taliban hawajarudi madarakani, Agosti 15, 2021. Kwa hiyo nchi zenye hifadhi za filamu zizipokee nakala za kidijitali za filamu za Afghanistan na kuzitunza, bila kudai umiliki. Na negativu zisitupwe hata baada ya kuskaniwa.