Darubini ya bunduki

Darubini ya bunduki ni kifaa chenye lenzi kinachofungwa juu ya bunduki ili kumsaidia mwindaji kuona shabaha vizuri na kulenga kwa usahihi.

Uwezo wake huonyeshwa kwa namba. Kwa mfano, 4x32 humaanisha kwamba inakuza mara 4 na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 32. Kadiri ukuzaji unavyoongezeka, eneo linaloonekana hupungua. Kwa hiyo katika vichaka vya pwani, kama vile vya Bagamoyo, ambako mnyama huonekana kwa karibu, ukuzaji mdogo hufaa zaidi.

Darubini ya ukuzaji usiobadilika ina sehemu chache zinazosogea, hivyo kwa kawaida huwa nafuu. Iliyojazwa gesi ya nitrojeni haipati ukungu ndani kwa unyevu. Darubini dhaifu hupoteza ulengaji kwa mtikiso wa risasi, na mnyama anaweza kujeruhiwa tu na kutoroka.

Nchini Tanzania uwindaji unahitaji leseni. Hauruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, ikiwemo Saadani, kaskazini kwa mji wa Bagamoyo, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005.