Mhitimu wa masoko ataanzia wapi

Mzazi anayesomesha mtoto uhasibu anajua mtoto akimaliza atakaa meza gani. Wa ualimu vilevile. Lakini mwanafunzi wa shahada ya biashara katika masoko akiulizwa nyumbani, "Sasa wewe ukimaliza utakuwa nani?", mara nyingi hutaja matangazo: kampuni za simu, bia, soda, mabango ya barabarani, kurasa za Instagram. Kazi hizo zipo kweli. Ila ni chache, karibu zote ziko Dar es Salaam, na wengi wanaozishika leo hawakuanzia hapo. Kazi nyingi za masoko Tanzania ziko kwenye kuifikisha bidhaa kwa mnunuzi na kuipangia bei. Mwanafunzi akilijua hilo tangu mwaka wa pili atachagua fildi yake kwa jicho jingine, na hata barua zake za maombi zitakwenda kwingine.

Darasani jambo hili halifichwi. Kuanzia Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa 1965, hadi Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi wa masoko hukutana mapema na zile P nne, kwa herufi za mwanzo za majina yake ya Kiingereza, ambazo Mmarekani E. Jerome McCarthy alizipanga katika kitabu chake cha 1960: bidhaa, bei, usambazaji na utangazaji. Zote nne hufundishwa. Kinachotokea ni kwamba ya mwisho ndiyo inayoonekana kwa macho, ina rangi na muziki, basi vijana wengi huhitimu wakiwa wameipenda hiyo moja na kuzisahau tatu. Waajiri nao wana shida kubwa zaidi na ya tatu, usambazaji.

Sababu iko kwenye ramani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wametapakaa kutoka Tunduma hadi Namanga, kutoka Kigoma hadi Pemba. Wengi wao hawanunui sabuni, chumvi, mafuta na vocha katika supamaketi. Wananunua dukani kwa Mangi, gengeni, kwenye kibanda cha stendi. Kiwanda hakiwezi kuuza kwa kila kibanda, kwa hiyo mzigo hupita kwa msambazaji wa mkoa, ukaenda duka la jumla, ndipo ukafika rejareja. Kila kiungo cha mnyororo huo kinaweza kukatika: msambazaji ameishiwa mtaji, gari limeharibika Mikumi, muuzaji wa jumla ameficha mzigo akisubiri bei ipande. Anayelipwa ili viungo hivyo visikatike ni afisa mauzo, juu yake msimamizi wa eneo, juu zaidi meneja wa kanda. Hapo ndipo nafasi za kwanza za mhitimu zilipo, katika viwanda vya vyakula, vinywaji, sabuni, saruji, dawa na pembejeo.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi huidharau kabla ya kuijua. Tuseme afisa ana juisi mpya ya kuingiza madukani. Katoni ya pakiti 24 anaiuza Sh 12,000, na mwenye duka akiuza kila pakiti Sh 650 atapata faida ya Sh 3,600. Juisi iliyozoeleka mtaani nayo katoni ni Sh 12,000, ila pakiti inauzwa Sh 600, faida Sh 2,400 tu. Kwa hesabu ya haraka, mwenye duka angeichangamkia hiyo mpya. Lakini mama mwenye duka anamwambia, "Mwanangu, juisi yako tamu, sikatai. Ila inanilalia." Na hesabu yake ni sahihi kuliko ya afisa. Juisi ya zamani inaisha kwa siku 2. Ndani ya siku 8 mtaji wake wa Sh 12,000 umezunguka mara 4 na kumletea Sh 9,600. Ile mpya inachukua siku 9 kuisha, na siku zote hizo Sh 12,000 zake zimefungwa kwa ajili ya Sh 3,600.

Afisa aliyekariri maneno ya kusifia bidhaa hana la kumjibu. Aliyesoma masoko na kuyaelewa anajua kwamba anachouza kwa mama huyu ni mzunguko wa mtaji. Anaweza kumpa nusu katoni badala ya nzima. Anaweza kumwachia mali kauli kwa wiki moja, alipe akishauza, ikiwa kampuni inaruhusu na daftari la madeni linasimamiwa vizuri. Anaweza kurudi ofisini na kusema kwamba mtaa huu unahitaji pakiti ndogo, kwa sababu wanunuzi wa duka lile ni wanafunzi wenye sarafu. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Limegusa bidhaa na bei kwa pamoja, na aliyelileta ni mtu wa ngazi ya chini kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza sana miaka ya mtaani. Meneja wa chapa, yule anayeamua kifungashio kiwe na rangi gani na bajeti ya matangazo iende wapi, hufanya maamuzi yake kutokana na taarifa za namna hii. Asiyewahi kusimama mbele ya duka atazipokea zikiwa zimeshachujwa na watu watatu. Kijana anayelalamika, "Nimesoma miaka mitatu nije kubeba maboksi ya juisi?" ana haki ya kuuliza, na jibu linategemea ofisi aliyoingia. Kama msimamizi wake anamtaka tageti tu kila Ijumaa na hamuulizi ameona nini, pale atachoka bila kujifunza. Kama kuna kikao cha kila wiki ambapo maafisa wanaeleza duka kwa duka kinachouzika na kinacholala, basi yuko mahali pazuri hata kama mshahara bado mdogo.

Na mshahara wenyewe usomwe kwa kalamu mkononi, kwa sababu matangazo ya kazi za mauzo hupenda kutaja jumla nono ambayo nusu yake ni kamisheni isiyo na uhakika. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa Sh 600,000. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10 unaondoa Sh 60,000. Zinazobaki, Sh 540,000, zinatozwa kodi ya mishahara: kwa viwango vilivyowekwa Julai 2021, Sh 270,000 za kwanza hazitozwi, zinazofuata hadi 520,000 zinatozwa asilimia 8, na hizo 20,000 za juu asilimia 20. Kodi ni Sh 24,000. Kama mhitimu alisoma kwa mkopo, yaani kwa bumu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: Sh 90,000. Anachopokea ni Sh 426,000, na kodi ya chumba, nauli na chakula vinamsubiri mlangoni. Mhitimu aulize kabla hajasaini: mafuta ya pikipiki nani anatoa? Vocha je? Duka likishindwa kulipa mali kauli, deni ni la kampuni au litakatwa kwake? Swali hilo la mwisho limewaumiza wengi.

Benki, bima na kampuni za simu nazo huajiri wa masoko kwa wingi, na mantiki ni ileile. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, matangazo yaliwafikishia watu habari, lakini huduma yenyewe iliwafikia kupitia wakala mwenye salio na fedha taslimu kwenye kona ya mtaa wao. Mpaka leo kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuhakikisha wakala hakaukiwi.

Kuna uwanja mwingine ambao wahitimu wengi hawautazami kabisa, nao ni mazao. Vijana wengi wametoka kwenye familia za korosho, kahawa, ufuta au mbaazi, wakaja mjini kusoma masoko, kisha wakaomba kazi mahali pote isipokuwa kule bidhaa kubwa za nchi zinakouzwa. Korosho peke yake ni somo zima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zikakusanywa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada, ambao siku hizi unapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi ni wa India na Vietnam. Bei inategemea unyevu wa korosho, wingi wa punje safi zinazopatikana baada ya kubangua, na hali ya soko la dunia wiki hiyo. Wakulima walilipia funzo hilo Novemba 2018, pale minada ilipokwama kwa sababu ya bei ndogo na serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo.

Chama kikuu cha ushirika kinahitaji mtu anayeweza kufuatilia bei za nje, kumweleza mkulima kwa lugha yake kwa nini ghala la jirani limepata bei nzuri zaidi, na kutafuta wanunuzi wapya. Hiyo ni kazi ya masoko kutoka kichwa hadi miguu. Haina bango wala muziki, na aliyekulia shambani ana faida ambayo kijana wa mjini hawezi kuinunua.

Serikalini zipo nafasi za Afisa Masoko na Afisa Biashara, hasa katika halmashauri, na zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal. Waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Mhitimu aombe, asubiri akiwa anafanya kazi nyingine.

Masoko ya mtandaoni ndiyo yanayotajwa kila mahali, na hapa naomba tahadhari. Kujua kupachika picha TikTok au Instagram si taaluma. Anayeuza viatu Kariakoo anajua hayo na pengine kumzidi mhitimu. Mwajiri anamtafuta anayeweza kumwambia kwamba tangazo la Sh 100,000 lilileta ujumbe 80, kati ya walioutuma 12 walinunua, kwa hiyo kila mteja amegharimu zaidi ya Sh 8,300, na kama faida ya bidhaa ni Sh 5,000 tangazo hilo lisimamishwe leo. Namba hizo ni za mfano. Mtindo wa kufikiri ndio unaolipwa. Mhitimu aijue pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023. Orodha ya namba za simu za wateja haichukuliwi ovyo tena, na kampuni ndogo nyingi bado zinahitaji mtu wa kuziongoza katika hilo.

Jambo moja linawatofautisha watu wa masoko na wenzao wa biashara. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, na mitihani ya CPA. Wa ununuzi na ugavi ana PSPTB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2007, na bila kusajiliwa nayo haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Masoko hayana uzio wa namna hiyo: yeyote anaweza kuajiriwa, awe amesoma lugha, sosholojia au uhandisi. Wapo wanaofanya mitihani ya CIM ya Uingereza, chama kilichoanza 1911 na kupata hati ya kifalme 1989, na inawasaidia hasa katika kampuni za kimataifa. Lakini ada yake si ndogo. Kwa wengi, ushahidi utakuwa kazi yenyewe: maduka mangapi yalikuwa yananunua mhitimu alipoingia, mangapi alipotoka, ametumia nini. Ayaandike tangu akiwa fildi, kabla simu ya ofisi haijarudishwa na takwimu zote zikaondoka nayo.

Kukosekana kwa uzio kumeleta pia dhuluma ambayo sipendi ipitwe kimya. Kuna ofisi zinazochukua wahitimu kama mapromota au kwa jina la kujitolea, bila karatasi yoyote, kwa kamisheni tupu, zikawaacha baada ya miezi mitatu na kuchukua kundi jipya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe ni ipi, muda wa mkataba, mahali, saa, malipo na namna yanavyokokotolewa. Kamisheni imo humo. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ila kinga hiyo ya kuachishwa haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na wenye mchezo wa miezi mitatu wanalijua hilo vizuri. Madai ya malipo aliyokwisha kuyafanyia kazi ni jambo jingine, hayo anaweza kuyafungua ndani ya siku 60, ila atahitaji kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo mhitimu aombe yale maelezo ya maandishi siku ya kwanza, kabla hajapewa fulana yenye nembo ya kampuni; wakimzungusha, ahifadhi kila ujumbe wa WhatsApp unaotaja tageti yake na kiwango cha kamisheni.