Ukienda kwa Wenye Chongo: Vibonye vya Tarakilishi Kutoka Mfumo Hadi Mfumo

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Sidhani walikuwa na habari za tarakilishi, lakini maneno yao yanamfaa mwanafunzi anayejifunza kuchapa hapa Kitale, kisha likizo ikifika anapanda matatu ya kwenda kwao Bungoma na kuketi mbele ya mashine nyingine kabisa. Huku kazoea Windows. Kule anakuta Ubuntu, ama kwa mjomba anakuta kipakatalishi cha Apple. Anabonyeza alivyozoea, mashine inamtazama tu. "Mbona hii kitu haisikii?" Kumbe inasikia, ila imefundishwa lugha nyingine.

Kwa wanaofanya somo la Tarakilishi katika KCSE, hili si jambo la mchezo. Karatasi ya pili ni ya vitendo, na muda wake ni saa mbili na nusu. Ukipoteza dakika 10 ukitafuta namna ya kunakili jedwali, hakuna atakayekurudishia.

Tuanze na asili yake. Mambo ya kukata, kunakili na kubandika maandishi yalitengenezwa na Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox, California, miaka ya 1970. Mwaka 1983 kampuni ya Apple ilitoa tarakilishi iliyoitwa Lisa, na humo herufi nne zikapewa kazi: Z kutangua, X kukata, C kunakili, V kubandika. Itazame kibodi yako (mwalimu wetu angependa niseme baobonye, aniwie radhi). Herufi hizo zimepangana safu ya chini upande wa kushoto, kwa hivyo mkono wa kulia unabaki huru kushika kipanya. Kwenye kibodi za Kifaransa, kama zile za wenzetu wa Kongo, Z iko safu ya juu, na mpango huo mzuri unavunjika.

Sasa, herufi peke yake haitoshi. Lazima ishikwe pamoja na kibonye kingine. Apple walijiwekea kibonye chao maalum, ambacho leo kinaitwa Command. Tarakilishi za IBM hazikuwa nacho, ndipo Windows ikaja kutumia Ctrl. Hapo njia zikaachana mpaka leo.

Basi ukiketi kwenye Mac, mara nyingi pale ulipozoea Ctrl weka Command. Iko kando ya kibonye kirefu cha nafasi, nayo hubonyezwa kwa kidole gumba. Tatizo ni kwamba Ctrl nayo ipo kwenye Mac, tena ina kazi zake. Ukibonyeza Ctrl na A ukidhani umechagua insha yote, utajikuta tu mwanzoni mwa aya. Kufunga programu, badala ya Alt na F4, ni Command na Q. Kile kitufe chekundu cha pembeni hufunga dirisha tu. Mara nyingi programu yenyewe inabaki macho. Na ukitaka kuhamisha faili kwenda kwenye diski ya flashi, usihangaike na X. Nakili kwa Command na C, kisha ubandike kwa Command, Option na V pamoja. Mimi naona hii ni kuzunguka mbuyu, lakini ndivyo walivyoamua. Kipanya kisipokuwa na upande wa kulia, shika Ctrl ukibonyeza.

Ubuntu ni jirani mwema zaidi, kwa sababu Ctrl inafanya karibu yote uliyozoea. Ina mitego miwili hata hivyo. Wa kwanza ni gurudumu la kipanya. Katika programu nyingi za huko, maandishi uliyoyachagua kwa kipanya hubandikwa ukilibonyeza gurudumu, hata kama hukunakili kitu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alishangaa kuona sentensi ya aya ya kwanza imetokea katikati ya aya ya nne, akadhani ni virusi. Hapana, ni kidole tu.

Mtego wa pili uko kwenye lile dirisha la kuandikia amri. Humo Ctrl na C ni amri ya kusimamisha programu inayoendelea, desturi ya zamani ya mifumo ya Unix. Ukitaka kunakili humo, ongeza Shift.

Mipangilio ya Mac inaruhusu kubadilishana kazi za Ctrl na Command, na kwenye mashine yako mwenyewe, fanya upendavyo. Kwenye maabara ya shule, tafadhali usiguse, maana atakayeketi baada yako atalia. Afadhali ufungue menyu kwa kipanya: mara nyingi kando ya amri kumeandikwa vibonye vyake. Ile alama ya Command inayofanana na ua la majani manne ilichaguliwa na Susan Kare, ikitoka kwenye vibao vya barabarani vya Skandinavia vya kuonyesha mahali pa kuvutia.

Cha kufanyia mazoezi mwanzo kabisa ni kuhifadhi kazi: Ctrl na S kwenye Windows na Ubuntu, Command na S kwenye Mac. Ila katika dirisha lile la amri, Ctrl na S huweza kugandisha kioo. Ikikupata hiyo, usizime mashine. Bonyeza Ctrl na Q, itaamka.