Hakuna Utepe wa Kukata kwenye Kalavati

Adui mkubwa wa barabara ya changarawe ni maji yaliyokosa pa kwenda. Greda linapoichonga huipa mgongo, ili mvua iteremke mtaroni badala ya kutuama katikati. Mtaro ukijaa mchanga, majani na chupa za plastiki, maji hupanda barabarani, udongo hulainika, na tairi la lori la kwanza huchora mfereji ambao mvua ya pili huugeuza korongo. Lami nayo huanza kufa kwa ufa mwembamba unaopitisha maji hadi kwenye msingi; shimo tunalolilalamikia huja mwishoni kabisa. Hata njia ya mbao ya wageni katikati ya mikoko, kama ile ya Jozani kule Unguja, ina ugonjwa uleule: msumari hushika kutu kwa chumvi, ubao huoza pale unyevu unapokaa, na ubao mmoja uliooza watosha kufunga njia nzima. Kwa hiyo uamuzi wenye tija kuliko wote katika halmashauri ni ule mdogo unaofanywa kabla ya masika: kuzibua mitaro na makalavati.

Nchini Tanzania uzito wa uamuzi huo unaonekana kwenye hesabu. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), iliyoanza kazi mwaka 2017 na kuchukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri, inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000. Hata hivyo, kwa miaka mingi mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuziba pengo. Fedha ikiwa haba kiasi hicho, kinachoamua hali ya barabara ni kazi ipi ianze. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kuwa dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeiepushia Afrika gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo uliotangulia.

Diwani atauliza, tena kwa haki: nitawaambia nini wananchi wa kijiji kisicho na barabara kabisa, wakati fedha zinazibua mitaro ya wenzao? Jibu ni kwamba barabara mpya isiyo na fungu la matengenezo ni mkopo, na wanaoulipa ni hao hao wanakijiji pindi inapokatika. Zaidi ya hayo, mara nyingi kinachowatenga watu ni sehemu korofi chache tu: bonde lisilo na kalavati, au mlima unaoteleza. Mita chache za tope zinatosha kumzuia mjamzito asifike kituo cha afya, hata kama kilomita zote zilizobaki ni nzuri. Kutengeneza sehemu korofi ndiyo njia ya haraka ya kuwafikia wengi kwa fedha kidogo.

Wengine watasema mvua za siku hizi hazina mtaro wa kuzitosha. Ni kweli kwamba Mei 2024, wakati wa mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na hakuna jembe la kibarua ambalo lingeyazuia. Lakini dharura kama hiyo hufyonza fedha za matengenezo ya kawaida, na barabara zilizoachwa na mitaro iliyoziba huongeza orodha ya dharura za mwaka unaofuata.

Tatizo ni kwamba kalavati lililozibuliwa halina utepe wa kukata, wala halina picha ya kupigia kampeni. Dawa yake ni utaratibu. Baraza la madiwani liidai TARURA kila Februari na kila Septemba, kabla ya masika na vuli, orodha ya mitaro na makalavati, kata kwa kata: lipi limezibuliwa, lipi bado, na nani amepewa kazi. Na mradi mpya usipitishwe mpaka karatasi yake ionyeshe nani ataufyekea majani mwaka wa tatu, na kwa fungu lipi.